Ua la Siku Moja, Baridi ya Miezi Mitano: Jinsi ya Kuchagua Deilili kwa Bustani za Kaskazini

Wapo wenzetu wa kilimo cha bustani wanaopata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye vitalu vya maua Marekani na Kanada. Wapo wanaokwenda kusoma shahada ya pili huko, na wapo wenye shangazi au kaka anayeishi Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, ambaye kila mwaka analalamika kwamba maua aliyonunua kwa pesa nyingi hayakuamka baada ya theluji. Wote hawa swali moja linawakuta mapema, na halimo kwenye noti za darasani. Mteja anasimama mbele ya meza ya miche, anaonyesha picha mbili nzuri, halafu anauliza: "Kati ya haya, lipi litakuwa hai mwakani?"

Makala hii inajibu swali hilo kwa mmea mmoja tu, deilili. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa maua yanayopandwa sana katika bustani za Marekani ya kaskazini, kwa hiyo atakayefanya kazi kitaluni huko lazima atakutana nao. Pili, deilili ina mtego mzuri wa kisayansi: lebo yake ina neno moja ambalo kila mtu hulisoma kama ahadi, kumbe si ahadi. Ukiuelewa mtego huo, umeelewa jambo kubwa kuhusu uchaguzi wa aina ya mmea wowote, hata mahindi ya nyumbani.

Mmea wenyewe

Deilili si yungiyungi, ingawa sura ya ua inafanana. Yungiyungi la kweli, la jenasi ya Lilium, huota kutoka kwenye kitunguu kilicho chini ya udongo, na majani yake hupanda juu pamoja na shina. Deilili haina kitunguu. Chini ina mizizi mingi, mingine minene kama vidole, inayohifadhi maji na chakula. Juu ya mizizi kuna sehemu fupi ngumu ambayo ndiyo roho ya mmea. Hapa tutaiita kitovu. Kutoka kwenye kitovu majani marefu membamba hutanda pande mbili kama upepeo, na katikati yake huchomoza ubua unaobeba matumba kumi, ishirini au zaidi. Kila tumba hufunguka siku moja tu. Kesho yake limenyauka, na jingine limeshika zamu. Jina la kisayansi, Hemerocallis, alilolitumia Linnaeus mwaka 1753, limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: siku na uzuri.

Weka akilini neno kitovu. Majani yakifa, mmea haujafa. Ubua ukikatika, mmea haujafa. Kitovu kikioza au kikiganda hadi ndani, hapo hakuna tena mjadala.

Asili ya deilili ni Asia ya Mashariki: China, Korea na Japani. Wachina hula matumba yake makavu kwenye supu na mboga. Ulaya iliufahamu mmea huu tangu karne ya 16, na wahamiaji wakauvusha hadi Amerika. Uainishaji wa sasa unauweka katika familia ya Asphodelaceae, ambayo ndiyo familia ya mshubiri. Kwa hiyo mshubiri ulioota nyuma ya bweni ni ndugu wa deilili, ila ndugu hawa walikulia mazingira tofauti kabisa: mmoja amezoea ukame, mwingine nyumbani kwao kuna majira ya theluji.

Hapo ndipo tunapaswa kuanzia. Deilili za mwituni za Asia ya kaskazini ni mimea ya baridi. Kama asili yake ni baridi, kwa nini leo tunauliza ni aina gani itavumilia baridi? Jibu liko kwenye historia ya uzalishaji.

Kutoka New York hadi Florida

Mtu aliyeweka msingi wa deilili za kisasa ni Arlow Burdette Stout, aliyeishi kati ya 1876 na 1957. Alianza kazi kwenye Bustani ya Mimea ya New York mwaka 1911 na kwa miongo kadhaa alivusha chavua kutoka aina moja hadi nyingine, akachunguza kwa nini baadhi hazitoi mbegu, na mwaka 1934 akachapisha kitabu kuhusu mimea hiyo. Mwaka 1946 wapenzi wa deilili walianzisha chama chao huko Iowa, jimbo lenye baridi kali. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa msajili wa kimataifa wa aina za deilili, na tuzo yake kubwa kuliko zote ni medali yenye jina la Stout. Leo aina zilizosajiliwa zinazidi 90,000. Umesoma vizuri: elfu tisini.

Sasa, aina nyingi za zamani zilizalishwa New York, Illinois, Indiana, mahali ambapo mche dhaifu unakufa wenyewe kabla mtaalamu hajaupa jina. Baridi ilikuwa inasahihisha mitihani. Baadaye wazalishaji wengi mashuhuri wakafanyia kazi Florida na majimbo mengine ya kusini. Sababu inaeleweka: huko kusini mche unaweza kutoka mbegu hadi ua ndani ya mwaka mmoja au pungufu, wakati kaskazini husubiri miaka miwili au mitatu. Ukiwa mzalishaji, hiyo ni tofauti ya kumaliza shahada kwa miaka mitatu au tisa. Matokeo yake ni maua ya ajabu: kingo zilizokunjwakunjwa kama lesi, macho ya rangi ya zambarau katikati, petali nene kama ngozi. Lakini katika kizazi baada ya kizazi, hakuna aliyeuliza kama mche unaweza kulala chini ya theluji, kwa sababu theluji haikuwepo. Kisichopimwa hakichaguliwi, na kisichochaguliwa hupotea polepole bila mtu kuona.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha nzuri si "ua lina rangi gani," bali "mmea huu ulizaliwa wapi, na nani aliupima kwenye baridi?"

Baridi inauaje

Watu husema mmea umekufa kwa baridi kana kwamba baridi ni kitu kimoja. Kaskazini mwa Minnesota baridi inaua kwa njia zisizopungua nne.

Ya kwanza ni kuganda kwenyewe. Barafu huanza kujitengeneza kati ya seli, kisha inavuta maji kutoka ndani ya seli. Seli zinakauka huku zimezungukwa na barafu, na utando wake unapasuka. Mmea unaostahimili hujiandaa mapema: siku zinapofupika na joto kushuka mwezi Septemba na Oktoba, hukusanya sukari ndani ya seli na kubadilisha utando wake ili usipasuke kirahisi. Usiojiandaa hukutwa kama mwanafunzi aliyesikia habari za testi mlangoni.

Ya pili ni kuamka mapema. Februari inaweza kuleta wiki moja ya joto. Mmea wenye usingizi mwepesi hudhani majira ya kuchipua yamefika, unatoa majani laini, halafu wiki inayofuata joto linaanguka tena hadi nyuzi 20 chini ya sifuri.

Ya tatu ni kusukumwa juu. Udongo ukiganda na kuyeyuka mara kwa mara hutanuka na kusinyaa, na mche uliopandwa majuzi hunyanyuliwa hadi kitovu kikabaki wazi kwenye upepo.

Ya nne ni maji. Udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji huacha kitovu kikiwa kimelowa miezi mizima, na theluji inapoyeyuka huoza. Mimea mingi inayosemwa imekufa kwa baridi, ukiichimba utakuta imeoza.

Ndiyo maana namba ya ukanda peke yake haitoshi. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani hugawa nchi kwa wastani wa joto la chini kabisa la kila mwaka. Toleo la 2023 limetumia takwimu za miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa Minnesota iko ukanda wa 3 na wa 4. Ukanda wa 3 unamaanisha baridi inayofikia kati ya nyuzi 34 na 40 chini ya sifuri. Ukanda wa 4, kati ya 29 na 34 chini ya sifuri. Lakini ramani haisemi kama theluji itakuwepo kufunika udongo, na theluji ni blanketi. Bustani ya ukanda wa 3 yenye theluji nene tangu Novemba inaweza kutunza deilili vizuri kuliko bustani ya ukanda wa 5 ambako udongo uko wazi na kila wiki unaganda na kuyeyuka. Na ukivuka mpaka kwenda Kanada, kumbuka kwamba ramani yao hupima mambo zaidi ya joto la chini, hivyo namba zao usizisome kama za Marekani.

Mtego wa lebo: kulala si kustahimili

Tumefika kwenye mtego wenyewe. Kila aina inaposajiliwa, mzalishaji hutaja tabia ya majani. Kuna makundi matatu, na kwenye lebo utaona vifupisho. "Dor" ni zile zinazolala: majani hukauka kabisa na mmea hufunga macho yake ardhini mpaka joto lirudi. "Ev" ni za kijani daima: zinaendelea kutoa majani mwaka mzima mahali penye joto. "Sev" ziko katikati, nusu zinalala, nusu ziko macho.

Ushauri unaosikika kila mahali ni mfupi: kaskazini nunua zinazolala, kimbia za kijani daima. Ni ushauri mzuri wa kuanzia. Lakini ukiukariri kama fomula, utafeli kwa njia mbili.

Kwanza, tabia ya majani si kipimo cha baridi. Ni maelezo ya kile majani yanachofanya. Kaskazini majani ya deilili zote, zilale zisilale, huishia kuwa uji baada ya jalidi kali. Kinachoamua uhai ni kitovu, na kitovu hakikuandikwa kwenye lebo. Zipo aina zinazolala zilizotoka kusini ambazo huzorota kaskazini, na zipo za kijani daima zinazodunda. Mfano unaojulikana ni 'Joan Senior', ya Durrance, iliyosajiliwa mwaka 1977. Imeandikwa ni ya kijani daima, ua lake linakaribia weupe kamili, na imeoteshwa miaka mingi hata katika majimbo ya kaskazini.

Pili, mzalishaji huandika alichokiona bustanini kwake. Mmea uleule unaweza kuonekana wa kijani daima Florida na ukalala kabisa Minnesota. Kwa hiyo neno la lebo ni shahidi mmoja aliyesimama mahali pamoja. Si hukumu.

Ukichukua somo la takwimu utatambua kinachoendelea. Kati ya kulala na kustahimili kuna uhusiano, kwa sababu aina nyingi zinazolala zilizalishwa kaskazini, na kaskazini ndiko zilikochujwa. Kilichozifanya ngumu ni mchujo. Usingizi ni alama iliyokuja nao. Alama inasaidia pale ambapo huna taarifa nyingine. Ukipata taarifa yenyewe, acha alama.

Taarifa yenyewe ni ipi? Ni jibu la maswali mawili. Aina hii imeishi majira mangapi ya baridi katika bustani inayofanana na yangu? Na ilipoamka, iliongezeka au ilipungua? Mmea uliopandwa ukiwa na mapepeo mawili na baada ya miaka mitatu una nane, huo umejibu. Uliobaki na moja, nao umejibu.

Kuishi peke yake hakutoshi

Tuseme mmea umevuka baridi. Bado unaweza kukuudhi. Mwenye bustani ya kaskazini ana miezi michache ya kuona maua, na kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni msimu. Katika kumbukumbu za usajili msimu huandikwa kwa herufi: E kwa mapema, M kwa katikati, L kwa kuchelewa, na mchanganyiko wake kama EM na ML. Lakini herufi hizo ni mpangilio wa foleni, si tarehe. Aina ya katikati ya msimu huchanua mapema zaidi kusini. Minnesota kilele ni Julai. Aina ya kuchelewa sana inaweza kukutwa na jalidi la Septemba ikiwa na matumba hayajafunguka. Kwenye majira mafupi, chagua nyingi za mapema na za katikati, kisha moja au mbili za kuchelewa.

La pili ni kuchanua tena. Lebo nyingi hutangaza kwamba mmea hutoa ubua wa pili baada ya ule wa kwanza. Kusini ni kweli. Kaskazini mara nyingi muda unakwisha kabla. Usilipe zaidi kwa ajili ya sifa ambayo majira yako hayatairuhusu, isipokuwa kwa zile ndogo za mapema ambazo zimethibitika.

La tatu watu wengi hawalijui mpaka liwakute: kufunguka asubuhi ya baridi. Ua la deilili hujiandaa usiku na kufunguka alfajiri. Usiku ukishuka kati ya nyuzi 10 na 15, jambo la kawaida kaskazini hata Julai, baadhi ya aina hushindwa. Petali nene zenye kingo za lesi hunasana, na ua linabaki limefumba nusu kama mwavuli uliokwama. Na kwa kuwa maisha yake ni siku moja, hakuna kesho. Ukitaka uhakika, tembelea kitalu au bustani ya umma ya eneo hilo saa mbili asubuhi baada ya usiku wa baridi. Zilizofunguka vizuri saa hiyo, ziandike.

Neno fupi kuhusu kromosomu, maana lebo hulitaja pia. Deilili ya kawaida ni diploidi yenye kromosomu 22. Kwa kutumia kolkisini, kemikali inayotokana na mmea wa Colchicum, wazalishaji waliongeza idadi mara mbili wakapata tetraploidi zenye 44. Hizi huwa na ubua mnene na petali nzito. Wauzaji wengine huzisifu kana kwamba kromosomu nyingi ni koti la baridi. Sivyo. Kuna tetraploidi ngumu na laini, diploidi ngumu na laini. Namba hiyo ina maana kubwa kwa anayetaka kuvusha chavua, kwa kuwa diploidi na tetraploidi hazizaani kirahisi.

Aina za kuanzia

Kwa anayeanza, hizi zina historia ndefu, na zote huandikwa kuwa zinazolala isipokuwa pale ilipotajwa.

*Hemerocallis lilioasphodelus* ni spishi ya mwituni, si chotara. Ua la njano, harufu tamu, na ni ya mapema mno. Huchanua wakati deilili nyingine bado zinajipanga. Ni ngumu sana kwa baridi.

'Hyperion', ya Mead, ni ya miaka ya 1920. Ndefu, karibu mita moja, njano ya limau, ina harufu. Karibu miaka mia moja ya baridi imeshaisahihisha.

'Stella de Oro', ya Walter Jablonski wa Indiana, ilisajiliwa mwaka 1975 na kupata Medali ya Stout mwaka 1985. Fupi, sentimita 28 hivi, ua dogo la dhahabu. Ndiyo hasa mfano wa ile ndogo ya mapema inayorudia kuchanua. Wengine wameichoka kwa sababu iko kila maegesho ya magari, lakini iko huko kwa sababu haifi.

'Happy Returns', ya Darrel Apps, mwaka 1986. Inafanana na Stella kwa tabia, ila njano yake ni laini zaidi.

'Catherine Woodbery', mwaka 1967, ina rangi ya urujuani iliyofifia na harufu. Rangi za namna hii hupendeza zaidi palipo na ubaridi kuliko kwenye jua kali linalozichoma.

'Frans Hals', mwaka 1955, ina rangi mbili zinazopishana, nyekundu-kutu na njano. Huchanua baada ya katikati ya msimu.

'Chicago Apache', mwaka 1981, ni tetraploidi nyekundu iliyokolea, kutoka kwa Marsh na Fay wa eneo la Chicago. Jina limekwambia tayari ilikopimwa.

'Autumn Minaret' ni ya Stout mwenyewe, mwaka 1951. Ubua wake unazidi sentimita 160, na huchelewa. Ipande pale ambapo jalidi la kwanza halina haraka.

'Joan Senior' tumeshaitaja. Ipande kama jaribio lako la kujionea kwamba lebo haisemi yote.

Tahadhari mbili. Deilili ya chungwa unayoiona imejaa kandokando ya barabara, Hemerocallis fulva 'Europa', haishindwi na baridi yoyote, na hilo ndilo tatizo. Ni triploidi isiyotoa mbegu, lakini husambaa kwa mashina yanayotambaa chini ya udongo, na baadhi ya majimbo huihesabu kuwa mvamizi. Usiipande karibu na nyingine. Na kama nyumba ina paka, acha deilili kabisa: kula majani au maua yake kunaweza kuua figo za paka.

Kupanda kwa akili

Aina nzuri iliyopandwa vibaya hufa kama aina mbovu. Chagua mahali penye jua la saa sita au zaidi, na udongo unaopitisha maji. Changanya mboji kama ni mfinyanzi. Kitovu kikae sentimita 2.5 hivi chini ya udongo, si zaidi. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche.

Kaskazini, mche ambao historia yake ya baridi huijui upande majira ya kuchipua, ili uwe na msimu mzima wa kushika mizizi. Ile migumu unaweza kuipanda hadi mwisho wa Agosti au mapema Septemba, ukiiachia walau wiki sita kabla udongo haujaganda. Matandazo ya majani makavu au nyasi yawekwe udongo ukishaganda. Hapo wengi hushangaa: kwani lengo si kuupa mmea joto? Hapana. Lengo ni kuuacha ulale bila kuamshwa. Ukitandaza mapema unachelewesha maandalizi yake, na panya wanapata nyumba.

Pesa nazo tuziseme. Aina mpya kabisa, mwaka wake wa kwanza sokoni, inaweza kuuzwa zaidi ya dola 100 kwa mche. Hiyo kwa mwanafunzi ni boom inayeyuka kwenye chungu kimoja. Aina za zamani tulizozitaja zinapatikana kwa bei ndogo sana, na kila baada ya miaka mitatu hadi mitano kundi likijaa huchimbwa na kugawanywa, kwa hiyo jirani huwa nazo za kugawa. Mche wa jirani una sifa ambayo hakuna katalogi inayoiuza: umeshaishi kwenye baridi yako.

Na baridi yenyewe si adui tu. Mwaka 2000 ugonjwa wa kutu ya deilili, unaosababishwa na kuvu Puccinia hemerocallidis, uligunduliwa Marekani. Kuvu hiyo inahitaji jani la kijani ili kuvuka mwaka. Kusini ambako majani hayafi, kutu inaendelea. Kaskazini majani yakifa yote, kutu nayo inakufa, na inarudi tu kwa mche ulioletwa. Wanachokiteseka kusini, baridi inawafagilia wa kaskazini bure.

Na sisi je?

Msomaji wa Morogoro au Njoro anaweza kusema: haya ni ya Minnesota. Fikiria mahindi. H614 ni chotara ya nyanda za juu kama Kitale, yenye msimu mrefu na mavuno makubwa. Mahindi ya Katumani yalizalishwa kwa ajili ya maeneo makavu ya Ukambani. Hukomaa mapema na hujaza gunzi dogo. Mkulima wa Makueni akivutiwa na gunzi kubwa la picha akapanda H614, mvua itakata kabla punje hazijajaa. Mbegu haikuwa feki, na mkulima hakuwa mvivu. Mbegu ilikuwa imefaulu mtihani wa mahali pengine.

Mtaalamu wa kilimo analipwa kwa ajili ya swali hilo moja: hii ilipimwa wapi, na panafanana vipi na hapa? Mkulima atakayekuuliza hana misimu ya kupoteza, kama mwenye bustani ya Duluth asivyo na majira ya joto ya kupoteza.

Jipime

1. Aina A imeandikwa inalala, imezalishwa Florida, na haijawahi kuoteshwa ukanda wa 4. Aina B imeandikwa nusu inalala, na imeishi miaka minane bustanini Duluth ikiongezeka. Utamshauri mteja ipi, na utamweleza nini anapokuonyesha neno la lebo?

2. Mteja anasema deilili yake haikuamka Aprili. Kabla ya kulaumu baridi, utachimba na kuangalia nini?

3. Chukua mmea mmoja unaouzwa kwenye kitalu kilicho karibu na chuo. Muulize muuzaji ulizalishwa wapi na umepimwa wapi. Andika alichojibu, kisha andika ni kipi kati ya hicho amekiona kwa macho na kipi amekisoma kwenye lebo.